Pinki kwenye shingo ya mbwa: rangi asiyoiona yeye ila anaishi nayo kila siku

Mbwa wangu ni dume, mweusi tii, kichwa kikubwa, kifua kipana, na kola yake ni pinki. Pinki kabisa, ile inayowaka. Wala sikuwa na ujumbe wowote wa kutoa, ile kola nyeusi aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inapotea kwenye manyoya, jioni ikianza kuingia simwoni yuko wapi, nikachukua rangi ya kwanza iliyonikamata macho. Basi tangu siku hiyo naulizwa "huyu binti anaitwa nani?", watoto waliokuwa wanamkwepa wanaomba kumshika, na kuna mzee mmoja huwa tunapishana asubuhi, siku moja akaniuliza kwa upole kabisa, "kijana wangu, kwanini unamvunjia heshima dume mzima?" Mbwa ni yule yule na meno ni yale yale. Kilichobadilika ni mkanda wa upana wa vidole viwili.

Hapo ndo nikaanza kulifuatilia hili jambo kwa umakini, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona tunachanganya vitu ambavyo wala havihusiani. Mtu anakwambia mbwa wake jike anaipenda pinki, mwingine anasema pinki inamtuliza mnyama, mwingine ni rangi ya kike tangu dunia iumbwe, mwingine anaona ni ujanja wa wauzaji tu. Mi naona liko hivi: mnyama mwenyewe hiyo pinki haioni kama tunavyoiona sisi, ni mazungumzo ya watu kwa watu yanapita juu ya mgongo wake, lakini matokeo ya hayo mazungumzo yanampata yeye, anaguswa au haguswi, anaogopwa au anabebwa juu juu, anaonekana barabarani au haonekani. Ndo maana nasema tuache kuuliza "je anaipenda?" tuulize "inamfanyia nini?".

Tuanze na rangi yenyewe. Ukiangalia upinde wa mvua wote, pinki haimo. Hakuna wimbi moja la mwanga ambalo likija peke yake utasema hii ni pinki, ni rangi ambayo ubongo unaitengeneza pale jicho linapopokea mwekundu mwingi na bluu kiasi huku kijani ikiwa imepungua. Ukichukua nyekundu ukaipausha kwa nyeupe unapata ile laini ya kitoto, ukiivuta kuelekea zambarau unapata ile kali, majenta, ukiivuta kuelekea rangi ya chungwa unapata ya samoni. Kwahiyo tukisema pinki tunataja ukoo mzima, na hili shika vizuri sababu tutalihitaji tukifika kwenye jicho la mbwa.

Na jina lake pia ni la kuazima. Kiswahili kina rangi tatu tu zenye vivumishi vyake vya asili, -eupe, -eusi na -ekundu, zilizobaki nyingi tumezichukua kwenye vitu, kijani ni majani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, na hii yetu ni waridi, ua. Waingereza walifanya hivyo hivyo, pink lilikuwa jina la maua ya jamii ya Dianthus kabla halijawa jina la rangi kwenye karne ya 17, na Wafaransa wanasema rose, ua tena. Yaani watu wa lugha tofauti walipotaka kuitaja hii rangi kila mmoja alinyoosha kidole kwenye ua. Nadhani ule ulaini tunaousikia moyoni tukiiona unatoka huko huko, kwenye maua, na kwenye vitu vichanga, nyayo za kitoto cha paka, pua yake, tumbo la mtoto wa mbwa ambalo manyoya bado hayajajaa. Mwanasayansi Konrad Lorenz mwaka 1943 alieleza jinsi kichwa cha mviringo, macho makubwa na mashavu yaliyojaa yanavyoamsha hamu ya kulea, na mbwa wadogo wengi wana sura hiyo hata wakizeeka, sasa ukimwongezea na rangi ya uchanga shingoni ndo unamaliza kazi.

Haya, jicho. Binadamu wengi tuna aina tatu za seli za kupokea rangi, mbwa anazo mbili. Vipimo vya Jay Neitz na wenzake Marekani, vilivyochapishwa 1989, vilionyesha moja inashika vizuri zaidi mwanga ambao wimbi lake lina urefu wa karibu nanomita 429, upande wa bluu, na nyingine karibu nanomita 555, upande wa manjano na kijani. Basi. Dunia yake ina bluu, ina manjano, katikati kuna kijivu. Hii habari ya kwamba mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu ni kosa tunalorithishana, rangi anaziona, ila ile tofauti ya nyekundu na kijani ambayo sisi tunaiona bila hata kufikiria yeye hana cha kuipimia.

Sasa chukua kola tatu za pinki uziweke mbele yake. Ya majenta ina bluu ndani yake, kwahiyo kwake inaelekea kwenye bluu iliyofifia. Ya samoni inaegemea chungwa, kwake inaelekea kwenye manjano iliyochafuka. Ile ya kitoto ya katikati inaangukia karibu na kijivu. Kola tatu ambazo sisi tunaziita kwa jina moja, kwake ni vitu vitatu tofauti na hakuna hata kimoja kilicho pinki. Ukitaka kupata picha muulize mwanaume mwenye upofu wa rangi wa nyekundu na kijani, na wapo wengi, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 1 kati ya 12, atakwambia jinsi pinki na kijivu zinavyomsumbua. Hiyo ndo hali ya mbwa wako akiangalia kola yake, tena kola yenyewe iko chini ya kidevu ambako hata haioni.

Paka yuko karibu hapo hapo, rangi zake zimefifia kuliko zetu, jicho lake limewekwa kwa ajili ya mwanga hafifu na vitu vinavyotembea. Sungura naye anazo mbili. Halafu mwaka 2014 watafiti wawili wa Uingereza, Ronald Douglas na Glen Jeffery, walipima lenzi za macho ya wanyama wengi wakakuta za mbwa na paka zinapitisha sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, yaani UV, ambao lenzi za kwetu watu wazima zinauzuia, kwahiyo kuna vitu kwenye kitambaa wanaweza kuwa wanavipata ambavyo sisi hatuna habari navyo. Ila ukifuga kasuku hesabu inageuka kabisa: ndege wana aina nne za seli za rangi, na samaki wa dhahabu hivyo hivyo, hao pinki unayowawekea wanaiona kwa utajiri kuliko wewe mwenyewe. Nashangaa ni kwa mbwa na paka ndo tunahangaika na rangi, wakati kasuku ambaye rangi ni maisha yake anapewa kengele ya bati.

Kuna sehemu moja hili linakuwa la vitendo moja kwa moja, nayo ni mipira na vitu vya kurusha. Kwa macho yetu pinki na kijani zinapingana vikali, mpira wa pinki kwenye nyasi unaurukia machoni kabla hujautafuta. Kwa mbwa zile rangi mbili zinakaribiana sana, kinachomsaidia ni ung'avu tu, yaani mpira mweupe mweupe juu ya nyasi zilizokolea atauona, mpira uliokolea juu ya nyasi zilizokolea ataufuata kwa pua na kwa kuona ulikodondokea. Kama umewahi kumrushia mbwa wako mpira, mpira ukasimama sentimita chache kutoka kwake, wewe ukasema huyu mbona haoni, sasa unajua. Bluu au manjano ndo rangi za kuchezea. Pinki kwenye mpira ni ya kukusaidia wewe kuuokota.

Na lile la kutuliza nalo lina historia yake. Mwaka 1979 kwenye gereza moja la jeshi la majini huko Seattle, Marekani, walipaka chumba rangi ya pinki kwa kufuata mawazo ya mtafiti Alexander Schauss, ambaye alidai inapunguza ukali wa watu, na rangi ikaitwa Baker-Miller kwa majina ya maafisa wawili wa pale. Habari ikasambaa sana. Lakini waliojaribu baadaye kwa kulinganisha vizuri hawakuyaona hayo matokeo, kuna utafiti wa 2015 uliofanywa gerezani Uswisi ukakuta chumba cha pinki hakikuwafanya wafungwa wapungue ukali kuliko chumba cheupe. Sasa kama kwa binadamu anayeiona hiyo pinki haijathibitika, kwa mbwa anayeona kijivu tunazungumzia nini? Mbwa akitulia kwenye kitanda cha pinki ametulia sababu ni laini, kina harufu yake na kiko mahali hapapitwi pitwi na watu.

Kwahiyo hiyo rangi ni ya kwetu. Na hata kwetu, ile maana ya kwamba pinki ni ya kike ina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Karne ya 18 huko Ulaya wanaume wa tabaka la juu walivaa makoti ya hariri ya pinki bila mtu kushtuka, ilikuwa rangi ya wenye nacho. Kiwanda cha kauri cha Sèvres Ufaransa kilikuwa na pinki yake maarufu kuanzia karibu 1757, kikiwa chini ya ulezi wa Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis wa 15. Na kuna picha yake iliyochorwa na François Boucher mwaka 1759, iko kwenye jumba la makumbusho la Wallace Collection mjini London, amesimama bustanini na gauni la pinki ya kuelekea samoni, pembeni kwenye benchi amekaa mbwa wake mdogo, Inès. Mi hiyo picha naipenda kwa sababu inaonyesha ule muungano wa mbwa mdogo, mwanamke tajiri na pinki ulikuwepo karne mbili na nusu zilizopita, ila kilichokuwa kinasemwa pale kilikuwa hadhi na uaminifu, mbwa ni ishara ya uaminifu, na rangi ni ishara ya kwamba huyu mama anaweza kumudu.

Rukia 1918. Jarida moja la biashara ya nguo za watoto Marekani liliwaandikia wenye maduka kwamba kanuni inayokubalika ni pinki kwa wavulana na bluu kwa wasichana, kwa hoja kwamba pinki ina nguvu na bluu ni laini. Mwaka 1927 jarida la Time likakusanya maoni ya maduka makubwa ya miji mbalimbali, yakawa hayakubaliani, mengine hivi mengine vile. Ni baada ya vita vya pili vya dunia ndo mambo yanaanza kukaa upande mmoja, Mamie Eisenhower mwaka 1953 anaingia kwenye sherehe za kuapishwa mumewe kuwa rais wa Marekani na gauni la pinki na rangi hiyo ikawa ya nyumba na mabafu kila mahali, halafu miaka ya 1980 wazazi wakaanza kujua jinsia ya mtoto kabla hajazaliwa, wakawa wananunua vitu mapema, na wauzaji wakagundua ukitenganisha rangi mtoto wa pili hawezi kurithi vitu vya wa kwanza kama jinsia zimetofautiana. Hapo ndo pinki ilipigiliwa misumari.

Watoto wenyewe wanafundishika haraka. Utafiti wa 2011 wa Vanessa LoBue na Judy DeLoache uliwapa watoto vitu viwili viwili wachague, watoto wachanga hawakuonyesha tofauti yoyote, kufikia miaka miwili na nusu wasichana wakawa wanaichagua pinki zaidi, na wavulana kadiri wanavyokua wakawa wanaikimbia. Halafu utafiti mwingine wa 2021 ukaenda kwa Washipibo wa Amazon ya Peru, vijiji vya kisiwa cha Tanna huko Vanuatu, na Wabayaka wa kaskazini mwa Jamhuri ya Kongo, na huko hiyo tofauti ya wasichana na wavulana kwenye pinki haikuonekana. Sasa huyo mzee wangu wa asubuhi hakuwa anasema uongo, alikuwa anasoma alama ambayo kila mtu karibu yake anaisoma hivyo. Ila ni alama iliyoandikwa na watu, na watu ndo wanaweza kuisoma tofauti.

Ilivyofika kwa wanyama mi naiona hivi. Mbwa na paka walipotoka uani wakaingia ndani, wakapewa majina ya watu, wakapewa vitanda na siku za kuzaliwa, walichukua nafasi ya mtoto, na vitu vya mtoto vikaja na sheria zake za rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaongezeka mtindo wa mbwa mdogo wa kubebwa kwenye mkoba, Paris Hilton, nyota wa televisheni wa Marekani, na Chihuahua wake Tinkerbell walikuwa kwenye kila gazeti, na pinki yenye vito vya kung'aa ikawa sare ya mtindo huo. Kuanzia hapo mtu akiingia kununua kola swali la kwanza ni dume au jike. Na angalia kitu cha ajabu, Kiswahili chetu hakina haja ya kujua, mbwa analala, mbwa anakula, hakuna "yeye wa kike" na "yeye wa kiume", ni kola ndo inatulazimisha tuulize swali ambalo lugha yenyewe haituulizi.

Sasa turudi kwa mnyama, maana hapa ndo nina uchungu napo zaidi. Mbwa mdogo mwenye pinki na utepe anakuwa mali ya umma. Watu wanamwinamia usoni bila kuomba, wanamnyanyua, wanamkumbatia, na akinguruma wanacheka, "jamani ana hasira huyu kadogo". Ule mngurumo ni onyo kama la mbwa yeyote, mbwa akigeuza kichwa pembeni, akijilamba midomo, akionyesha weupe wa jicho, anasema sitaki. Akivaa kola nyeusi ya ngozi watu wanamsikia, akivaa pinki wanaona ni maigizo, mpaka anauma, halafu anaambiwa ni mbwa mbaya. Kama mbwa wako ni mwoga au hapendi wageni, fikiria sana kabla ya kumvalisha kitu kinachowaambia watu "njoo unishike".

Kwa mbwa mkubwa hali inakuwa kinyume chake. Wanaohifadhi mbwa waliotelekezwa wanajua hili siku nyingi, mbwa mwenye taya pana na sura ya kutisha wanampiga picha akiwa na skafu ya pinki au taji la maua shingoni ili mtu anayetafuta mbwa asimame angalau kidogo amwangalie kabla ya kuogopa. Wangu tangu avae pinki watu wanatupisha kwa tabasamu badala ya kuruka mtaro, na mbwa anayekutana na watu waliotulia naye anatulia, hofu ya mtu anainusa na anaiona kwenye mwendo. Ila na hapa kuna tahadhari, kola haibadilishi tabia. Kama mbwa ni mkali kweli, pinki inamsogezea watu ambao hawakupaswa kusogea, na hapo utakuwa umewadanganya.

Halafu kuna kazi za pinki ambazo hazina uhusiano na jinsia wala urembo kabisa. Wanaozalisha mbwa wanawafunga watoto wa mbwa vikola vya rangi tofauti tofauti tangu wakiwa na siku chache ili wajue nani ameongezeka uzito na nani hanyonyi vizuri, maana watoto nane weusi wanafanana kama punje za mtama. Hapo pinki ni namba tu.

Kingine ni kuonekana. Pinki ya neoni inachukua mwanga wa mawimbi mafupi, pamoja na ule wa urujuanimno tusiouona, inautoa tena kama mwanga wa pinki, ndo maana inaonekana kama ina taa ndani. Kwenye msitu wa kijani na majani makavu ya kahawia hakuna kitu kinachofanana nayo. Jimbo la Wisconsin Marekani mwaka 2016 liliruhusu wawindaji wa kulungu wavae pinki ya neoni kama mbadala wa rangi ya chungwa, wawindaji waonane wasipigane risasi, huku kulungu ambaye ana jicho la rangi mbili kama la mbwa haioni tofauti tunayoiona sisi. Kwahiyo mbwa anayekimbia porini au kwenye nyasi ndefu, kizibao cha pinki ya neoni ni kitu cha maana sana, mchana. Nasema mchana sababu mwanga ukishuka rangi za upande wa nyekundu ndo zinatangulia kuzama kwenye macho yetu, bluu zinabaki, hili lilielezwa na mwanasayansi Jan Purkyně mwanzoni mwa karne ya 19 na unaweza kulihakikisha mwenyewe kwa kuangalia maua mekundu jua likizama. Kola yangu ilinisaidia saa kumi na mbili jioni, saa moja usiku ilikuwa nyeusi kama mbwa mwenyewe. Nikaongeza utepe wa riflekta na kitaa kidogo, na nakushauri usitegemee rangi usiku hata siku moja.

Kwa paka ninayo habari nzuri zaidi. Utafiti wa Uingereza wa 2021 ulijaribu njia mbalimbali za kupunguza mawindo ya paka wanaotoka nje, mojawapo ikiwa kuvalisha juu ya kola kitambaa kipana cha rangi kali, na ndege walioletwa nyumbani walipungua kwa asilimia 42. Panya na wanyama wengine wadogo wenye manyoya hawakupungua. Inaendana kabisa na habari ya macho, ndege anaiona rangi ikimjia kutoka mbali anaruka, panya haoni cha ajabu. Yaani lile pambo ambalo watu wanaliona ni la mbwembwe tu linaweza kuokoa ndege. Muhimu kola ya paka iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa, ikinasa kwenye tawi ifunguke, na usimfunge utepe mrefu wa kuning'inia, paka akiumeza utumbo unakunjamana juu yake na hapo ni upasuaji.

Mambo mengine nitayapita haraka. Kola ya rangi kali ya bei rahisi inaweza kuchuja, mwagia maji ya uvuguvugu uifute na kitambaa cheupe kabla ya kumvalisha mnyama mweupe, vinginevyo utaona shingo ya pinki ukadhani ni ngozi imewasha, au ubaya zaidi, ngozi iwe imewasha kweli ukadhani ni rangi. Rangi za nywele za binadamu usimpake mnyama, zina kemikali zinazounguza ngozi na atazilamba. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, vuta kifungio kwa nguvu uone kama kinashika kabla hujapenda vito vilivyobandikwa juu. Na linganisha bei ya kitu kile kile kwa rangi nyingine, mamlaka ya walaji ya jiji la New York mwaka 2015 ililinganisha karibu bidhaa 800 za watu ikakuta zilizolengwa kwa wanawake zilikuwa ghali kwa wastani wa asilimia 7, sioni kwanini vitu vya wanyama visiingie kwenye mchezo huo huo.

Ila kuna moja silipiti haraka, matandiko. Kitanda cha pinki, taulo la pinki, mchanga wa paka wenye punje za pinki, vyote vinaficha kitu ambacho unatakiwa kukiona mapema kuliko vyote, mkojo wenye damu. Unapoanza huwa mwepesi, pinki pinki hivi, juu ya kitambaa cheupe unashtuka siku ile ile, juu ya pinki unakuja kujua baada ya wiki. Paka dume anayejikamua mkojo hautoki ni dharura ya saa hizo hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo usisubiri asubuhi. Kwahiyo mvalishe pinki ukitaka, mtandikie nyeupe.

Kola ya kwanza ya mbwa wangu imeshapauka, neoni haistahimili jua, miezi michache tu ikawa na rangi ya karatasi ya zamani. Nimeleta mpya juzi, rangi ile ile. Nikaiweka sakafuni kwanza, akaja akainusa kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa mkanda, akarudia, akaenda kuinusa ile ya zamani iliyokuwa mezani, akarudi tena kwenye mpya akajisugulia shingo juu yake mara tatu nne mpaka ikashika manyoya. Ndo akakaa chini nikamfunga.